Banda dogo Kisumu, na somo lisilohitaji kibao

Saa ya ukutani ikifika sita mchana mjini Kisumu, jua bado halijafika utosini. Limebakiza dakika 41 hivi. Kenya nzima hufuata saa ya longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari ambao haukanyagi ardhi ya Kenya popote. Unapita Somalia, karibu na Mogadishu. Kisumu iko kwenye digrii 34.75 au karibu na hapo, na kila digrii moja ya kuelekea magharibi hulichelewesha jua kwa dakika nne. Mombasa hukawia dakika 21, Kisumu 41. Mtoto wa Nyalenda, Kisumu, na mtoto wa Likoni, Mombasa, hutoka darasani kwa kengele ya wakati mmoja, lakini jua la utosi la huyu wa Nyalenda linafika dakika 20 baada ya la mwenzake.

Jambo hili linahusu mahali tunapoishi kila siku, na ni wachache sana wanaolijua. Siwalaumu walimu wala waandishi wa vitabu. Kitabu cha shule huandikiwa nchi nzima, na kwa hiyo hakina budi kusema linalofaa kila mahali. Lakini kuna maarifa ambayo hayafundishiki vizuri ila pale yanapotokea, na kwa ajili ya hayo nataka Kisumu ijenge banda: banda dogo la umma, la wazi, lisilo na mlango wala tiketi, ambamo mtu akiingia, akikaa, akitembea, anajifunza bila kusomewa chochote. Somo liwe ndani ya jengo lenyewe, katika paa, sakafu na vidato vyake. Na liwe somo ambalo Nairobi ikiliazima litakosea.

Nianze na paa, kwa kuwa hapo ndipo kazi nyepesi kuliko zote inaleta faida kubwa kuliko zote. Toboa tundu moja katika paa, lisizidi ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, mita tatu na nusu juu ya sakafu. Chini yake, sakafuni, chora mstari ulionyooka kutoka kaskazini hadi kusini. Kila siku yenye jua, doa la mwanga la upana wa sentimita sita hivi litatambaa sakafuni na kuukata mstari huo wakati jua limefika juu kabisa. Hapo ndipo mchana wa kweli wa Kisumu ulipo, saa ya mkononi iseme itakavyo.

Tarehe 20 au 21 Machi doa litaukata mstari chini ya tundu lenyewe, wima, kwa sababu Kisumu iko kusini mwa ikweta kwa sehemu ya kumi tu ya digrii. Kisha jua litaanza kuhamia kaskazini na doa litahamia kusini, kidogo kidogo, hadi mwishoni mwa Juni litakapokuwa mita moja na nusu kutoka pale lilipoanzia. Litageuka. Litapita tena katikati Septemba na kwenda upande wa pili, mita moja na nusu kaskazini, hadi Desemba. Mwaka mzima unaenea kwenye mstari wa mita tatu. Mtoto anaweza kusimama kwenye siku yake ya kuzaliwa.

Wazo hili si langu. Ndani ya kanisa la San Petronio huko Bologna, Italia, mwanaastronomia Cassini alichora mstari wa namna hii mwaka 1655, mrefu wa takriban mita 67, na mwanga unaoingia kwa tundu la juu bado unautembelea. Huko Jaipur, India, mtawala Jai Singh wa Pili alijenga katika karne ya 18 uwanja mzima wa vyombo vya mawe vya kupimia anga, kimoja kikiwa na kimo cha mita 27, ambavyo watu huvipanda kwa ngazi. Lakini Bologna ina jambo moja isiloweza kulipata. Kule jua la mchana huwa kusini daima, Januari hadi Desemba, na doa halivuki kamwe kwenda upande wa pili wa tundu. Hapa kwetu linavuka mara mbili kwa mwaka. Kivuli cha mchana cha mtu wa Kisumu huelekea kusini mwezi Juni na kaskazini mwezi Desemba, na kuna siku mbili ambazo hutoweka chini ya nyayo zake. Watu husafiri hadi Maseno kupiga picha penye alama ya ikweta, wanasimama mguu huku na mguu kule, wanaondoka. Banda hili lingewaonyesha ikweta inafanya nini.

Kuna jambo jingine ndani ya tundu hilo hilo, ambalo naliona zuri kuliko yote. Doa hutembea takriban sentimita moja na nusu kwa dakika. Weka ncha ya kidole sakafuni pembeni mwa mwanga, subiri kidogo, na mwanga utakuwa umepanda juu ya kidole. Umeiona dunia ikizunguka. Mwalimu anaweza kulisema hilo darasani mara mia kwa mpira na tochi, na mtoto akalikubali kwa sababu mwalimu kasema. Hapa atalikubali kwa sababu kidole chake kimepata joto. Na darasa lenye subira likitia alama ya chaki mahali doa lilipo kila juma, saa ile ile kamili ya mkononi, mwaka ukiisha alama hizo zitakuwa zimechora umbo la nane. Hakuna aliyelichora. Limetokana na mhimili wa dunia ulioinama na njia yake ya kulizunguka jua isiyo duara kamili, ndiyo maana mchana wa kweli wa Kisumu huangukia saa sita na dakika 25 mwanzoni mwa Novemba na saa saba kasoro dakika tano katikati ya Februari. Mwanafunzi aliyeliona umbo hilo likijitokeza chini ya mikono yake ataudai ufafanuzi mwenyewe, na swali lililodaiwa na mtoto lina uzito ambao swali la mtihani halina.

Kufundisha kwa mpangilio wa mahali si jambo geni katika nchi hii ya magharibi. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980, yana boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi, liitwalo Ber-gi-dala. Ukiingia langoni, nyumba iliyo mbele yako moja kwa moja, mwisho wa uwanja, ni ya mke wa kwanza. Wake wengine wako pembeni, huku na huku, kwa zamu ya kuolewa. Simba, yaani nyumba za wavulana, ziko karibu na lango, kwa sababu hao ndio watakaotoka siku moja kwenda kuanzisha maboma yao. Mtoto aliyekulia humo hakuhitaji mtu amkalishe chini amweleze nani ni mkubwa wa nani. Alitumwa moto kwa nyumba fulani, akapita mbele ya nyumba nyingine, na miguu yake ikajua utaratibu wa ukoo kabla kinywa chake hakijaweza kuutamka. Mtu anaweza kuukosoa utaratibu wenyewe, na wengi wanaukosoa, mimi nikiwamo katika baadhi ya mambo. Ila njia uliyofundishwa kwayo ilifanya kazi.

Kule Migori, Thimlich Ohinga inasema jambo hilo kwa jiwe. Kuta zake, ambazo huenda zilijengwa katika karne ya 16, zimepangwa mawe matupu bila saruji wala udongo wa kushikilia, nyingine zikifika mita nne na nusu kwenda juu. UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Malango yake ni mafinyu na ya chini. Anayeingia huinama, na akiinama tayari ameshaambiwa kwamba nyuma ya ukuta huu kuna wenyewe.

Ndiyo maana nasumbuka ninapoona jinsi tunavyoelewa siku hizi mahali pa umma pa kujifunzia. Kwanza hujengwa kibanda cha kawaida, cha nguzo nne na mabati. Kisha hubandikwa mabango: historia ya mji aya sita, ramani, picha za wanyama, majina ya waliofadhili. Pakiwa na pesa zaidi huwekwa skrini. Mvua ya kwanza huyachubua mabango, skrini huzimika na haiwashwi tena, na kilichobaki ni nguzo nne na mabati ambayo hayajawahi kumfundisha mtu lolote. Kosa halikuwa mvua. Kosa lilikuwa kudhani kwamba jengo ni mahali pa kutundikia elimu, wakati jengo lenyewe halina la kusema. Ukishaandika kibao, msomaji husimama akasoma, au, mara nyingi zaidi, hapiti hata karibu. Hapimi chochote kwa mwili wake.

Waholanzi walilijua hili baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Msanifu majengo Aldo van Eyck alianza mwaka 1947 kuweka viwanja vidogo vya michezo katika vipenyo vya jiji la Amsterdam, kwenye viwanja vilivyoachwa wazi na nyumba zilizobomoka, na kufikia 1978 vilikuwa zaidi ya 700. Ukitazama picha zake unashangaa jinsi kulivyokuwa na vitu vichache: shimo la mchanga lenye ukingo wa zege, mawe ya duara ya kurukia, mabomba yaliyopindwa ya kupanda. Hakukuwa na tembo wa plastiki wala kitu chochote kilichomwambia mtoto acheze nini. Jiwe la kurukia leo ni kisiwa, kesho ni duka. Uchache huo ulikuwa kazi ngumu ya fikra, na udogo ulikuwa ndio uliowezesha wingi: jiji lisingejenga viwanja 700 vikubwa. Kwa Kisumu nataka udogo huo huo. Mita sita kwa tisa zinatosha. Darasa moja linaingia, na watu watatu wakikaa hawajihisi wapweke.

Hizo mita sita kwa tisa nazitaka pia kwa hesabu. Ni mita 54 za mraba, na sakafu igawanywe kwa mifereji myembamba katika miraba ya mita moja moja, kila mraba ukiwa chini ya mraba wake wa paa. Sasa ije mvua ya Kisumu, ile ya alasiri inayojikusanya juu ya vilima vya Nandi na kushuka kwa kishindo. Ikinyesha milimita 20, kila mraba mmoja wa paa utakuwa umetoa lita 20: mtungi mmoja kamili, ule ule ambao watoto wengi wa mitaa ya Manyatta na Obunga huujua kwa uzito wake mkononi. Paa lote limetoa mitungi 54. Acha maji yaonekane yakishuka kwenye gata wazi, yapite kwenye mfereji katikati ya wanaokaa, yaingie kwenye tangi ambalo ubavu wake una alama za mitungi. Mtu anayeuziwa maji kwa mtungi atasimama mbele ya tangi hilo na kupiga hesabu ya paa lake la nyumbani bila kuombwa. Mjini Kisumu hunyesha takriban milimita 1,300 kwa mwaka. Nyumba yenye paa la mita 30 za mraba hupoteza karibu mitungi 2,000 kila mwaka, inayotiririka kwenye mtaro.

Msanifu majengo Francis Kéré wa Burkina Faso alifanya jambo la jamaa na hili jijini London mwaka 2017, alipoalikwa kujenga banda la kiangazi katika bustani za Kensington. Paa lake, lililofikiriwa kutokana na mti ambao watu wa kijiji chake cha Gando hukusanyika chini yake, liliinamia katikati kama faneli, na mvua ikinyesha ilishuka katikati ya banda mbele ya macho ya watu. Miaka mitano baadaye akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker ya usanifu majengo. Hapa Kenya amejenga Turkana, kampasi ya vijana iliyokamilika 2021, yenye minara ya kupitishia hewa inayofanana na vichuguu vya mchwa wa huko. Naleta mfano wake kwa sababu moja: aliyajua maji ya London na joto la Turkana kabla ya kuchora. Mabanda ya London hubomolewa baada ya miezi michache, na kule hilo halina neno. Letu lazima libaki, kwa sababu somo lake la kwanza linachukua mwaka mzima kukamilika.

Na sasa ziwa, ambalo ndilo sababu ya kulitaka banda ufuoni na si katikati ya mji.

Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, Ziwa Viktoria lilipanda kama mita mbili na nusu kufikia 1964. Mwaka 2006 lilishuka mno hata magati yakawa yananing'inia juu ya tope. Mei 2020 likafikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, likaingia majumbani Dunga na kwenye mashamba ya Nyando, na 2024 likapanda tena. Kati ya chini ya 2006 na juu ya 2020 kuna karibu mita tatu. Watu wanayakumbuka mafuriko, kwa uchungu. Lakini mita tatu ni neno tu hadi usimame mbele yake: mtu mzima akinyoosha mikono yote miwili juu bado hagusi alama hiyo.

Misri waliwahi kulijengea jambo hili nyumba. Kwenye kisiwa cha Rhoda jijini Cairo kuna kisima cha mawe kilichojengwa mwaka 861, chenye ngazi zinazozunguka kwenda chini na nguzo katikati iliyotiwa alama za dhiraa. Kiliunganishwa na mto kwa mifereji ya chini kwa chini, hivyo maji ndani ya kisima yalisimama sawa na maji ya Nile, bila mawimbi. Kodi ya mwaka ilitegemea alama iliyofikiwa. Maji hayo yalikuwa, kwa sehemu, maji yetu: yanayotoka ziwani kwa Jinja ndiyo yanayoanza safari ya Nile Nyeupe. Cairo ilikuwa inapima mwisho wa jambo ambalo Kisumu imekaa kwenye chanzo chake bila kulipima mahali watu wanapoliona.

Kwa hiyo pembeni mwa banda pachimbwe kisima cha mawe, chenye vidato vya sentimita 15 kila kimoja. Vidato 20 ni mita tatu, tofauti yote ya 2006 na 2020. Kiunganishwe na ziwa kwa bomba. Kila kidato ambacho maji yalikifikia kwa mwaka wa kukumbukwa kiwe cha jiwe la rangi nyingine, na juu ya kile cha 2020 viachwe vidato vitano vitupu. Mzee wa Dunga akija na wajukuu ataonyesha kwa fimbo: hapa ndipo tulipohama. Wajukuu watahesabu vidato vilivyo juu ya maji leo, na mwezi ujao watahesabu tena.

Nimefikiria kwanza ngazi za wazi zinazoshuka moja kwa moja ziwani, na zingependeza zaidi machoni. Nazikataa kwa sababu ya kichocho. Konokono wanaokibeba wanapenda maji ya ufuo yaliyotulia yenye majani, na ngazi ya kupendeza ingewaalika watoto kuweka miguu hapo hapo. Kisima chenye ukuta wa kiunoni pande zote hutazamwa kutoka juu, na ulazima huo wa usalama unakifanya kiwe chombo sahihi zaidi. Mahali pachaguliwe ukingo wenye mteremko, maana kwenye tambarare ya Kano ziwa likipanda kidato kimoja tu linatembea mbali sana, na idhini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, itafutwe mapema, kabla msanifu majengo hajaipenda michoro yake kupita kiasi.

Upepo utajifundisha wenyewe ukipewa nafasi. Mchana huvuma kutoka ziwani, usiku kutoka nchi kavu, jambo ambalo wavuvi wa tanga wameishi nalo siku zote. Vishada vya mafunjo vilivyoning'inizwa kwenye boriti vitaonyesha unapogeuka.

Najua jibu litakalokuja. Kuna shule katika kaunti hii ambazo watoto hubanana darasani, choo hakitoshi, na mtu anazungumza kuhusu tundu la mwanga. Hoja hiyo ni nzito na sitaki kuipita kwa haraka. Kama pesa zingekuwa mfuko mmoja na uamuzi ungekuwa choo au banda, ningechagua choo. Lakini bajeti za miji hazifanyi kazi hivyo. Pesa za kupamba barabara, bustani na mizunguko ya magari hutengwa kila mwaka na hutumika. Kabla ya Africities, mkutano wa miji ya Afrika uliofanyika hapa Mei 2022, sote tuliona jinsi mji unavyoweza kubadilika kwa haraka ukiamua. Ninachodai ni kwamba sehemu ndogo ya pesa hizo za kupendeza macho inunue kitu kinachofundisha.

Na Mtaala wa Umilisi unaliongezea dai hili nguvu. Unamtaka mtoto atende, apime, achunguze. Mzazi wa gredi ya nne anajua maana yake kwa mfuko wake: leo manila, kesho picha za kuchapishwa saiba, keshokutwa vifaa ambavyo havipatikani mtaani. Mwenye nacho mtoto wake anafika na vifaa, asiye nacho mtoto wake anakaa nyuma akitazama. Banda la umma ni kifaa ambacho mtoto hakuombwa akilete. Mtoto wa shule ya binafsi na mtoto anayeuza karanga stendi wana doa moja la mwanga, na huyu wa karanga ana nafasi bora ya kulifuatilia kwa sababu yuko nje mchana kutwa. Ndiyo maana nasisitiza pasiwe na lango. Bustani yenye mlinzi anayeuliza umekuja kufanya nini imeshamfukuza mwanafunzi ambaye ingemfaa zaidi.

Kuhusu vifaa nitakuwa mkali kwa mambo mawili. La kwanza ni chuma. Mstari wa sakafu usitengenezwe kwa shaba wala chuma cha kung'aa, hata kama mchoro utapendeza. Mwaka 2022 serikali ilifikia hatua ya kusimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu nchini baada ya minara ya umeme kuharibiwa. Banda ufuoni halitasalimika pale mnara wa umeme ulipong'olewa vyuma. Mstari uchongwe kwenye terazo, kokoto za rangi mbili, ambayo mafundi wetu wanaijua tangu zamani na ambayo hakuna anayeweza kuiuza kwa kilo. La pili ni udongo. Sehemu kubwa ya uwanda wa Kano na kingo za mji ni udongo mweusi unaofura ukilowa na kupasuka ukikauka. Jengo la kawaida likicheza sentimita mbili hupata ufa na maisha yanaendelea. Hili likicheza litadanganya, maana kila kitu ndani yake ni kipimo. Udongo uondolewe hadi chini kwenye kilicho imara, hata kama msingi utagharimu kuliko paa.

Paa lenyewe liwe la kina na lishuke chini pembezoni, hadi mita mbili na kidogo, ili ndani kuwe na kivuli cha kutosha doa kuonekana. Kivuli hicho pekee kitawaleta watu saa saba mchana kabla hawajasikia habari ya somo lolote. Viti viwe kuta fupi za mawe zenye vimo viwili, sentimita 30 na sentimita 45, mtoto na mtu mzima wakae bega kwa bega. Nyumba za Lamu zina mabaraza ya mawe mbele ya mlango kwa sababu hiyo hiyo: mtu akipata mahali pa kukaa bila kununua kitu, huzungumza, na mazungumzo yakikaa mahali yanakutana na yanayotazamwa. Wauzaji wa samaki na njugu wasifukuzwe ukingoni. Wao ndio watakaojua banda hili kuliko wote, na ndio watakaomwambia mgeni, ngoja dakika tano uone.

Kabla ya zabuni kutangazwa, kuna jaribio ambalo ningependa lifanyike, na gharama yake haifiki bei ya uzinduzi mmoja wenye mahema na viti vya kukodi. Chuo Kikuu cha Maseno kina shule ya mipango na usanifu majengo. Kuna Chuo cha Kitaifa cha Ufundi mjini Kisumu. Wanafunzi wa vyuo hivyo, pamoja na fundi mmoja wa jua kali na shule moja ya msingi iliyo jirani, wasimamishe ufuoni nguzo za mkaratusi na shuka za mabati kwa vipimo kamili vya banda, mita sita kwa tisa. Tundu litobolewe, na sakafu iwe udongo ulioshindiliwa. Likae hapo kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Juni, watoto watie alama kila mchana, wauzaji wakae wapendapo, na mtu aandike nani alikaa wapi, nani aliuliza nini, mvua iliingilia upande gani na saa ngapi kivuli kiliwakimbia. Julai wabomoe, mabati yauzwe au yapelekwe shuleni, na daftari hilo lipewe msanifu kabla hajachora mstari wa kwanza.